Darubini Ndogo ya Jicho Moja: Kuitumia na Kuitunza kwa Miaka Mingi Pwani

Anayetazama ndege wa msituni kwa kawaida hutosheka na darubini ya macho mawili, kwa kuwa ndege wenyewe huwa karibu na hawatulii. Pwani mambo ni tofauti. Katika hori la Mida karibu na Watamu, kwenye mlango wa mto Sabaki kaskazini mwa Malindi, au kwenye mashamba ya chumvi ya pwani ya Tanzania, ndege wa ufukweni husimama mamia ya mita kutoka mahali unapoweza kufika bila kuzama topeni, na wengi wao, katika miezi wanayokaa kwetu, huvaa rangi ile ile ya kijivu na kahawia. Hapo ndipo darubini ya jicho moja inapohitajika. Mwongozo huu unahusu zile ndogo, zenye lenzi ya mbele ya milimita 50 hadi 60, na hasa namna ya kuzitumia zikafaa kwa miaka kumi au zaidi katika mazingira ya chumvi, mchanga na unyevu.

Inafaa kuanza na mipaka yake. Mwanga unaamuliwa na ukubwa wa lenzi ya mbele: lenzi ya milimita 85 hukusanya karibu mara tatu ya mwanga unaokusanywa na lenzi ya milimita 50, na hakuna ufundi wa kiwandani unaoziba pengo hilo. Hata hivyo, darubini kubwa pamoja na stendi inayoistahili ni mzigo mzito, na mzigo wa namna hiyo, baada ya kubebwa mara kadhaa kwenye mchanga wa moto, huanza kuachwa nyumbani. Mwili wa Nikon Fieldscope ED50, bila lenzi ya jicho, haufiki nusu kilo. Kowa TSN-501 ina uzito wa takriban gramu 400. Na Swarovski ATC 17-40x56, ambayo ni nzito miongoni mwa ndogo, iko karibu kilo moja. Kwa mtu anayetembea kwa miguu ufukweni ningemshauri achukue ndogo bila kusita. Kwa mtu anayehesabu ndege magharibi, jua likishazama, au anayetazama kutoka garini tu, ningemshauri kinyume chake.

Hesabu moja fupi itakuongoza wakati wa kununua na kila siku ya matumizi. Ukigawanya kipenyo cha lenzi ya mbele kwa kiwango cha ukuzaji, unapata upana wa mwali wa mwanga unaoingia jichoni. Lenzi ya milimita 50 ikikuza mara 20 hutoa mwali wa milimita 2.5, ikikuza mara 40 hutoa milimita 1.25 tu. Mboni ya jicho, kwenye mwanga mkali wa mchana, huwa na upana wa takriban milimita 2 hadi 3, na giza linapoingia hupanuka zaidi. Ndiyo maana darubini hizi hung'aa vizuri kwa mara 20, hutosha kwa mara 30, na hufifia kwa mara 40, kiasi kwamba hata vile vijinyuzi vinavyoelea ndani ya jicho lako mwenyewe huanza kuonekana mbele ya ndege. Muuzaji atakutajia ukuzaji wa juu kabisa kwa sababu ndiyo tarakimu inayouza. Wewe uliza picha ikoje kwa mara 20 na 25, kwa sababu huko ndiko utakakoishi nayo.

Lenzi za jicho ni za aina mbili. Ile inayobadilisha ukuzaji ni rahisi kutumia, lakini zilizo nyingi hubana uwanja wa kuona zinapokuwa kwenye ukuzaji mdogo, yaani pale pale unapotaka kuona eneo pana ili kumpata ndege. Ile ya ukuzaji mmoja wenye uwanja mpana, kama ile inayokuza mara 27 kwenye ED50, humfanya mtazamaji apate ndege upesi na achoke polepole. Anayevaa miwani ahakikishe kwamba picha nzima inaonekana jicho likiwa angalau milimita 15 kutoka kwenye kioo. Akiikosa nafasi hiyo ataona duara dogo lenye giza pembeni, na hataizoea hata baada ya mwaka. Kioo cha ED, yaani kioo maalumu kinachopunguza kutawanyika kwa rangi za mwanga, nacho si urembo. Yangeyange au buabua mweupe akisimama mbele ya tope jeusi, darubini isiyo na kioo hicho humzungushia ukingo wa zambarau au kijani, na maelezo ya mdomo na miguu hupotea humo.

Ukinunua iliyotumika, jambo ambalo kwa wengi wetu ndilo linalowezekana, ipeleke kwanza gizani na umulike tochi kupitia lenzi ya mbele huku ukitazama ndani kwa pembe. Vijinyuzi vyeupe vilivyotawanyika kama mizizi ni kuvu, na ukungu wa mafuta unaofunika kioo chote ni grisi iliyosafiri kwa joto. Vyote viwili ni sababu ya kutosha kukataa. Baada ya hapo toka nje, elekeza darubini kwenye antena ya mbali, na uzungushe fokasi mbele na nyuma. Lazima pawepo mahali pamoja ambapo picha inakuwa kali ghafla. Ikiwa unasitasita kati ya sehemu mbili bila kujua ipi ni kali zaidi, tatizo si macho yako.

Stendi kwanza

Watu hutumia fedha zao zote kwenye darubini kisha wakaisimamisha juu ya stendi ya kamera ya bei rahisi. Ukuzaji wa mara 25 hukuza mtetemo kwa mara 25 pia, na ndege aliye kwenye picha inayotetemeka hatambuliki hata kama kioo ni bora duniani. Kwa darubini ndogo inatosha stendi ya miguu mitatu yenye uzito wa kilo moja hadi moja na nusu, mradi kichwa chake kiwe na mpini na kizunguke kwa ulaini kulia na kushoto, juu na chini. Kichwa cha mpira, kile kinacholegea pande zote kwa mara moja, kinafaa picha lakini kinasumbua mno katika kufuata ndege anayetembea.

Fungua kwanza vipande vinene vya miguu na uviache vyembamba kwa dharura. Nguzo ya katikati usiiinue ikiwa unaweza kuinama au kukaa kwenye kigoda, kwa kuwa hiyo ndiyo sehemu dhaifu kuliko zote. Wakati wa kusi upepo husukuma darubini mchana kutwa, na njia bora ni kuishusha stendi hadi kimo cha mtu aliyekaa, ukawa wewe mwenyewe kizuizi cha upepo. Mkoba ukitundikwa chini ya stendi uguse ardhi kidogo, vinginevyo unaanza kupembea na kuongeza kile ulichotaka kupunguza. Kwenye tope laini, vifuniko vitatu vya plastiki chini ya miguu huizuia stendi isizame upande mmoja taratibu huku ukidhani ni ndege wanaohama kwenye picha.

Mida pana jambo lake la pekee: njia ya mbao iliyoning'inizwa juu ya mikoko hutikisika kila mtu anapopita. Mkiwa kundi, kubalianeni kusimama wakati mmoja, au subirini mfike kwenye banda la kutazamia lililo mwishoni. Kutoka garini, mfuko mdogo wa kitambaa uliojazwa maharage na kuwekwa juu ya kioo cha mlango kilichoshushwa nusu hushika darubini vizuri kuliko vibano vingi vya dukani, zima injini.

Darubini zilizopinda kwa pembe, ambapo unatazama kwa kuinamisha kichwa, zinafaa kwa kundi la watu wa vimo tofauti na huruhusu stendi kuwa fupi. Zilizonyooka ni rahisi kuelekeza na zinafaa zaidi garini na kwenye mabanda yenye dirisha jembamba. Sioni haja ya ubishi mrefu juu ya hili. Aliye na ya kupinda afunge ukanda mwembamba wa plastiki, ule ambao mafundi umeme hutumia kufungia nyaya, kuzunguka sehemu ya mbele ya darubini, na auache mkia wake usimame juu urefu wa sentimita mbili. Huo utakuwa shabaha yake, na kumpata ndege kutakuwa jambo la sekunde chache.

Maji, jua na mazigazi

Uzoefu wa muda mrefu na darubini ndogo kwa kiasi kikubwa ni uzoefu wa kujua saa ya kwenda. Maji yakipwa, hasa siku za bamvua, tope hufunuka hadi mbali na ndege hutawanyika humo wakila, na darubini ya milimita 50 haitawafikia wote. Maji yanapojaa huwasukuma polepole kuelekea nchi kavu. Kufika saa mbili au tatu kabla ya maji kujaa kabisa hukupa kipindi ambacho ndege bado wanakula, hivyo midomo na miguu yao inaonekana, na wakati huo huo wanakaribia bila wewe kupiga hatua. Kwa kuwa saa ya maji kujaa husogea mbele kwa takriban dakika 50 kila siku, ziara nzuri ya Jumamosi haiwezi kurudiwa kwa saa ile ile Jumamosi inayofuata. Weka jedwali la maji kwenye simu.

Adui wa pili ni mazigazi. Jua likishapanda, kwa kawaida baada ya saa tatu au saa nne asubuhi, hewa iliyo juu ya tope na mchanga huchemka, na picha huanza kucheza. Kosa la kawaida ni kuongeza ukuzaji ili kuona vizuri zaidi, na matokeo yake ni kukuza ule mchezo wa hewa. Punguza hadi mara 15 au 20, tazama ndege walio karibu tu, jaribu kusimama mahali palipoinuka ili mstari wa macho usipite sambamba na mchanga, na subiri upepo au wingu. Hapa mwenye darubini ndogo hapotezi mengi, kwa sababu hata lenzi ya milimita 95 haiwezi kupenya mazigazi. Daima simama jua likiwa mgongoni: vitwitwi waliotazamwa dhidi ya mwanga ni vivuli tu, na kivuli hakina rangi ya miguu.

Ukishafika, anza na darubini ya macho mawili na uone kundi limekaaje. Kisha elekeza darubini ya jicho moja kwenye ukingo mmoja wa kundi, kwa ukuzaji wa chini kabisa, na uisogeze polepole hadi ukingo wa pili bila kurukaruka. Jicho lisilotumika liache wazi. Ukilifumba, uso mzima hukazana na kichwa huanza kuuma kabla ya nusu saa. Wasioweza wanaweza kulifunika kwa kofia au kitambaa. Katika kuhesabu, pima kwa macho kundi la ndege kumi, kisha ona kundi hilo linaingia mara ngapi katika lililobaki. Kazi hii ina maana zaidi mwezi wa Januari, ambapo ndege wa majini huhesabiwa katika nchi nyingi za Afrika kwa wakati mmoja, na Kenya kumbukumbu za mwaka mzima hupokelewa na mradi wa Kenya Bird Map.

Kinachoweza kuonekana kwa mara 25 si kidogo. Vitwitwi-mchanga wa aina mbili, mkubwa na mdogo, huchanganyika katika kundi moja, na hutenganishwa kwa urefu wa mdomo ukilinganishwa na kichwa na kwa urefu wa miguu; hiyo ni kazi halisi ya darubini hii. Sululu hujulikana kwa mdomo wake uliopinda hata kwa mbali, lakini milia ya kichwani ndiyo inayotofautisha aina mbili zinazotutembelea. Anayestahili muda mrefu zaidi ni ndege mweupe na mweusi mwenye mdomo mnene wa kuvunjia kaa, Dromas ardeola, ambaye huzaa kwenye mashimo anayochimba mchangani katika visiwa na fuo za Bahari ya Shamu na Ghuba ya Uajemi, kisha hushuka kwetu kwa mamia. Wasomaji walioko Oman humwona pia kwa wingi kule Barr al Hikman. Kwa ukuzaji wa wastani unaweza kumtambua kinda, ambaye ni wa kijivu mgongoni, na ukivumilia utamwona akimfuata mkubwa na kuomba chakula miezi mingi baada ya kuruka kutoka kiotani, tabia iliyo adimu kwa ndege wa ufukweni. Tazama miguu pia: pete na vibendera vya rangi vyenye herufi husomeka kwa darubini ya milimita 50 ndege akiwa karibu na hewa ikiwa tulivu, na taarifa hiyo ina thamani kwa watafiti waliomvisha. Maji yakishajaa na ndege wakakusanyika kupumzika, usiwasogelee. Wakiruka wote kwa pamoja, umeshawakaribia mno.

Kuhusu simu, kibano kinachoshikilia simu nyuma ya lenzi ya jicho kinatosha kwa picha ya ushahidi. Tumia ukuzaji wa chini, washa kipima muda cha sekunde mbili ili kidole kisitikise, na usitarajie picha ya kutundika ukutani.

Chumvi, kuvu na joto

Darubini nyingi za siku hizi zimefungwa kwa mipira na kujazwa naitrojeni ili maji yasiingie na ukungu usijitengeneze ndani. Hilo huwafanya wenye nazo kulala usingizi. Ikiwa lenzi ya jicho inatoka, darubini nyingi za aina hiyo hustahimili maji pale tu lenzi hiyo inapokuwa mahali pake; usiibadilishe ufukweni, badilisha nyumbani kabla ya kutoka. Mipira nayo huzeeka, na hakuna dalili ya nje inayoonyesha kwamba imechoka.

Chumvi hufika kwenye kioo hata siku isiyo na wimbi, kwa sababu upepo wa bahari huibeba hewani. Ikikauka hugeuka chembe ngumu, na anayeifuta kwa pembe ya shati au kanga anaikwaruza lenzi bila kujua, safari baada ya safari, hadi siku moja picha inayotazamwa karibu na jua inakuwa ya maziwa. Utaratibu ni huu: puliza kwanza kwa kipulizio cha mpira, si kwa mdomo, fagia kwa brashi laini sana, kisha lowesha karatasi ya lenzi kwa maji safi au dawa ya lenzi ili chumvi iyeyuke, na ufute kwa mguso mwepesi kutoka katikati kuelekea ukingoni. Tone la dawa lisiwekwe moja kwa moja kwenye kioo. Zaidi ya yote, usisafishe kila siku. Vumbi kidogo haliharibu picha kama kufuta kupita kiasi kunavyoharibu kioo. Kama darubini yako ina nyuzi za skrubu mbele ya lenzi, weka kichujio cha kioo safi na ukiache hapo maisha yake yote. Wapo wanaosema kinapunguza ukali wa picha. Pwani, ningekubali upungufu huo.

Mwili wa darubini ufutwe kwa kitambaa chenye unyevu wa maji baridi yasiyo na chumvi. Stendi inahitaji zaidi ya hapo. Miguu iliyosimama kwenye maji ya bahari ioshwe siku hiyo hiyo, na mara kwa mara ifunguliwe vipande, isafishwe mchanga kwenye nyuzi zake na kukaushwa kivulini. Skrubu inayounganisha darubini na sahani ya stendi hulegea yenyewe kwa mtikisiko; ijaribu kabla ya kila safari, kwa sababu darubini nyingi huvunjika kwa kuanguka kutoka kwenye stendi iliyosimama vizuri kabisa.

Kuvu ndiyo huzimaliza zilizobaki. Huota pale unyevu wa hewa unapokaa juu ya takriban asilimia 70 kwa muda mrefu, na nyumba nyingi za pwani zina hali hiyo sehemu kubwa ya mwaka. Mahali pabaya pa kuhifadhi ni ndani ya mkoba wake wenye sifongo, hasa ukiwa umerudi nao na jasho na mvua. Itoe, iache ikauke penye hewa, kisha iweke kwenye kisanduku cha plastiki kinachofunga barabara pamoja na pakiti za silika zinazobadilika rangi zinaposhiba unyevu, na uzikaushe tena kila zinapobadilika. Mchele unaopendekezwa na wengi una unga, na unga hauna kazi karibu na lenzi. Darubini inayotumiwa na kupata mwanga mara kwa mara haishikwi na kuvu kirahisi kama iliyosahauliwa kabatini masika yote. Ikitoka kwenye chumba chenye kiyoyozi, iache ndani ya mkoba hadi ipate joto la nje, la sivyo mvuke utaganda juu ya kila kioo.

Usiiache kwenye gari lililofungwa juani. Joto la humo huyeyusha grisi ya ndani na kulegeza gundi. Dawa za mbu zenye DEET huyeyusha mpira na plastiki, kwa hiyo nawa viganja kabla ya kuishika. Na usiielekeze kwenye jua hata kwa bahati mbaya, wala usiiache kwenye stendi bila vifuniko mbele ya watoto: jicho likichomwa kupitia darubini haliponi.

Mara moja kwa mwaka, kusi likishatulia, rudia jaribio la tochi na la antena ulilolifanya siku ya kununua, ukisikiliza pia kama gurudumu la fokasi lina mkwaruzo wa mchanga. Mkwaruzo usilazimishwe, mpelekee fundi wa kamera anayejua kufungua vyombo vilivyojazwa gesi, na muulize kabla hajaanza kama anaweza kuijaza tena. Kikombe cha mpira kinachozunguka lenzi ya jicho hupasuka mapema kuliko sehemu nyingine yoyote, na ni vyema kununua cha akiba wakati modeli ingali sokoni. Doa dogo la kuvu pembezoni mwa lenzi ya mbele halizuii kazi, mradi ukavu wa kisanduku ulizuie lisienee. Doa lililo kwenye lenzi ya jicho, karibu na katikati, litakuwa juu ya kila ndege utakayemtazama, na hapo ni lenzi ya jicho peke yake inayohitaji kubadilishwa, si darubini nzima.